Nyuso Ambazo Sikuzipanga

Studio yangu iko Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, upande wa Base Camp, kwenye safu ya vibanda inayoelekea sokoni. Ni chumba kimoja cha udongo chenye bati juu na pazia la bluu ukutani, na pembeni kuna meza yenye kompyuta niliyoinunua Mbarara ikiwa imeshazeeka mikononi mwa mtu mwingine. Umeme ni wa sola. Ninapiga picha ndogo za vitambulisho, za ubatizo, za komunyo ya kwanza na za harusi. Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni kutengeneza picha za zamani. Watu walikimbia na picha zimefichwa ndani ya soksi, ndani ya Biblia, ndani ya nguo za mtoto, zikalowa mvua, zikachanika, zikaliwa na mende. Wananiletea. Ninaziingiza kwenye kompyuta na kukaa nazo polepole mpaka jicho lirudi mahali pake na shavu lipate rangi.

Mimi nilitoka Fizi, Kivu ya Kusini, Kongo, bila picha hata moja. Sura ya baba yangu ninayo kichwani tu, na kila mwaka inafifia kidogo.

Mtu akikuletea picha huku kwetu, anakuletea pia habari zake. Humuulizi, anaanza mwenyewe. Kwa hiyo nilijua ni mwanamke gani alimkimbia mume ambaye bado anamtafuta, na ni kijana gani alitupa bunduki porini akavuka mpaka. Sikuwahi kuyatoa nje. Hata picha za kuvutia wateja sikubandika mlangoni, kama wafanyavyo wenzangu wa mjini. Niliwahi kubandika moja, ya bibi harusi, na kabla ya jua kuzama akaja mwenyewe, ameshika kifua, akaniomba niitoe. Sikumuuliza kwa nini.

Ng'ambo ya barabara anakaa mama mmoja Mrundi, mjane, muuza dagaa. Ni Mkatoliki wa kila asubuhi, mtu wa sauti ndogo. Siku moja aliniletea picha iliyokunjwa mara nyingi hata mistari ya mikunjo ikawa nyeupe. Wanaume wamesimama mbele ya baa, chupa mkononi, wanacheka. Katikati alikuwa mume wake. Kando ya mume wake alisimama mtu mwenye masharubu, mkono wake ukiwa juu ya bega la mwenzake.

"Huyu wa masharubu," mama aliniambia, "ndiye aliwaleta wale walimuchukua bwana yangu. Alikuwa rafiki yake. Walikula pamoja."

Akaniomba nimkate mume wake peke yake, nimkuze, awe wa kutundika ukutani.

"Na ule mukono uutoe. Usiache hata kidole."

Niliutoa. Nilipaka kitambaa cha shati juu ya vidole vile kimoja kimoja mpaka bega likabaki safi. Ile picha ya wote ilibaki ndani ya kompyuta pamoja na nyingine zote, kama ilivyo kawaida ya kazi. Mteja akipoteza, unamtolea tena.

Wiki ileile alikuja msagaji. Yeye naye ni Mrundi, kijana mpole anayeendesha mashine ya kusaga mahindi karibu na kanisa. Sote tulimpelekea mahindi yetu, na sote tulimzoea akiwa mweupe pe kwa unga, nywele, nyusi, mpaka kope. Alikuwa ameitwa kwenye mahojiano ya kwenda nchi ya mbali na alihitaji picha ndogo. Nilimpa maji na taulo anawe. Alipotoka nyuma ya pazia nilimcheka, nikamwambia sikujua kwamba ana sura. Akacheka pia. Nikampiga picha, nikamchapishia, akaenda.

Sasa nieleze kuhusu programu. Ninayotumia kwa picha ni ya kampuni kubwa ya huko nje. Aliniwekea fundi wangu wa Mbarara, na akafunga mambo mengi ili isile bando langu la simu, maana mtandao ninaupata kwenye simu, na ninauwasha tu ninapomtumia mteja picha. Mara kwa mara kidirisha kilitokea kikisema kuna toleo jipya. Kilikuwa na vitufe viwili, Sasa na Baadaye. Mimi siku zote nilibonyeza Baadaye. Ijumaa moja kilitokea studio ikiwa imejaa watoto wa komunyo, nikabonyeza Baadaye, nikaendelea na kazi.

Jumatatu asubuhi niliwasha kompyuta na sikuitambua. Picha zangu, ambazo nilikuwa nimezipanga kwa miezi na kwa shughuli, zilikuwa zimesogezwa pembeni. Mahali pake palikuwa na viduara, safu juu ya safu, na ndani ya kila kiduara sura ya mtu. Programu ilikuwa imeingia ndani ya kila picha niliyowahi kuihifadhi na kukata vichwa. Bibi harusi yule alikuwemo. Kijana wa bunduki alikuwemo. Walikuwemo watoto, wazee na wafu. Hata watu waliopita nyuma ya harusi wakiwa na ndoo za maji walikatwa wakawekwa kwenye viduara vyao. Chini ya kila mmoja paliandikwa kwa Kiingereza: Huyu ni nani?

Jambo la kwanza nililofanya ni kugeuka kuangalia mlango, kama mtu aliyeshikwa anaiba. Halafu nikaitazama simu yangu juu ya meza. Mtandao ulikuwa umewaka, nilisahau kuuzima tangu Ijumaa. Niliuzima, lakini sikujua kama nimezima mapema au nimechelewa.

Nikiwa bado nahangaika kutafuta pa kuondolea mambo yale, mama wa dagaa akaingia kuchukua picha ya mume wake. Nilimpa. Akakaa kwenye benchi nyuma yangu, akaipakata kwenye magoti, akawa anaitazama. Na mimi nikageukia kompyuta.

Hapo kidirisha kipya kikafunguka chenyewe. Kilikuwa na sura mbili, moja kushoto, moja kulia, na swali: Je, hawa ni mtu mmoja? Chini yake Ndiyo na Hapana. Kushoto nilikuwa mimi. Kulia alikuwa mtoto wa dada yangu, msichana wa shule.

Mama aliinua macho akacheka. "Inasema nini?"

"Inauliza kama mimi na huyu mutoto tuko mutu mumoja."

"Eh! Ikupe na wewe daftari uende masomo."

Tulicheka wote wawili. Nikabonyeza Hapana. Programu ikanishukuru, ikaleta swali la pili.

Kushoto alikuwa mtu wa masharubu, amekatwa kutoka kwenye ile picha ya baa, bega la mume wa mama likionekana kidogo kwenye ukingo. Kulia alikuwa msagaji, amenawa, nyuma yake pazia langu la bluu.

Nilibonyeza Hapana kwa haraka mpaka kidole kikaniuma. Swali likaondoka.

"Rudisha," mama alisema.

"Imeenda, mama."

"Rudisha ile."

"Sijui kuirudisha. Kweli sijui. Hata kuileta sikuileta mimi."

"Ni yule wa kwenye mashine ya kusaga."

Niligeuka. Uso wake ulikuwa umekauka, macho yanatazama kompyuta, si mimi.

"Si yeye, mama. Umeona vile imenichanganya na mutoto wa dada."

"Wewe na ule mutoto muko damu moja. Haikukosea sana."

Akasimama.

"Ordinatere haina chuki na mutu," alisema, akionyesha kompyuta kwa kidevu. "Huyo kijana haimujui. Itamusingizia kwa nini?"

Akatoka. Picha ya mume wake ilibaki kwenye benchi.

Watu ambao hawajaishi kambini watashangaa kwa nini niliogopa. Huku kwetu sote tulikimbia mtu. Siku moja sokoni nilishuhudia mwanamume akinyooshewa kidole tu, kwamba anafanana na fulani, na kabla polisi hawajafika alikuwa amelala chini, shati limechanika, damu puani, na baadaye ikaonekana hakuwa fulani. Na mama huyu alikuwa na watoto wakubwa. Nilimwona anavuka barabara bila kuangalia pikipiki, anaingia kwake, anafunga mlango mchana.

Nilifanya ambalo mtu mwenye hofu hufanya. Nilidhani nikiifuta ile picha ya baa na neno litafutika, nikaifuta. Nikazitafuta njia za kuzima jambo lile la nyuso. Kila nilipobonyeza nilipelekwa kwenye ukurasa mwingine wa Kiingereza kirefu, na kila ukurasa ulinirudisha kwenye viduara. Mwishowe nilichomoa waya. Nikaifunga kompyuta ndani ya kitenge kama mtoto, nikamwita mdogo wangu akae studio.

"Kama mama wa dagaa anatoka, unipigie," nilimwambia.

"Kumefanyika nini?"

"Unipigie tu."

Nikapanda gari la kwenda Mbarara kwa fundi, na njia nzima mpaka Kaberebere nilikuwa nimeikumbatia. Gari lilisimama pale kusubiri abiria, wauza ndizi wakaja dirishani, na mmoja akauliza nimebeba nini. Nikamwambia redio. Nilihisi kama waliomo ndani ya kitenge wanasikia.

Fundi wangu ana duka dogo kwenye ghorofa moja ya Mbarara. Alikulia kambi ya jeshi ya Makenke, na Kiswahili chake ni kile cha askari, kifupi, kisichopinda, na kila mwanamke anamwita nyabo, yaani bibi. Nilimkuta hayupo, amekwenda kazini Biharwe, nje ya mji, nikakaa ngazini kumsubiri, kompyuta kwenye mapaja. Alipofika aliwasha, akatazama, akapiga mluzi.

"Nyabo, hii si virusi. Virusi afadhali, mimi naweza toa. Hii ni wenyewe wa programu."

"Mimi sikukubali. Nilibonyeza Baadaye."

"Wewe nabonyeza Baadaye, yeye nangoja wewe nazima kompyuta, halafu naingia." Akanionyesha maandishi madogo ya kijivu chini kabisa ya ukurasa. "Soma hapa. Nasema ukiendelea kutumia, umekubali."

"Lakini nilipofungua ndipo nilipoona."

"Ehe. Na ukifungua, ndiyo kutumia."

Nilimuuliza swali nililokuwa nalo tangu asubuhi. Je, nyuso zimetoka? Zimekwenda kwa kampuni? Akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Kulikuwa na kitufe cha kuisaidia kampuni iboreshe kazi yake, na kilikuwa kimewashwa. Mimi sikuwahi kukigusa. Fundi akakizima, akajikuna kichwa.

"Mimi hapana jua, nyabo. Labda natuma, labda bado. Mtu naweza jua ni wao."

Ndipo nikamweleza habari ya mama na msagaji. Alisikiliza hadi mwisho. Akachukua picha yake na ndugu zake iliyokuwa kwenye simu, akaiingiza, akasubiri. Kompyuta ikauliza kama yeye na kaka yake ni mtu mmoja. Halafu ikauliza kama yeye ni mtu mmoja na mwanamke wa tangazo la sabuni lililoonekana nyuma yao kwenye picha. Hakucheka.

"Hii nafanya kubahatisha tu," alisema. "Hiyo picha ya baa ni ya lini?"

"Ya zamani. Kabla ya vita vyao. Mama alikuwa na mimba ya kwanza."

"Na hiyo mimba sasa iko wapi?"

"Ni mwanamume. Ameoa."

"Na huyu wa mahindi ana miaka ngapi?"

Msagaji aliniambia mwenyewe, siku ya picha, kwamba alivuka mpaka mgongoni kwa mama yake. Alikuwa rika moja na yule mtoto wa kwanza wa mama wa dagaa. Siku ile baa ilipopigwa picha, yeye alikuwa hajazaliwa, au kama alizaliwa alikuwa ananyonya. Mtu wa masharubu, kama yuko hai, ni mzee leo. Jambo jepesi namna hiyo, na si mimi wala mama aliyeliona. Kwa mama, nafikiri, yule mtu hakuzeeka. Alibaki vilevile kama alivyokuja mlangoni. Na mimi hofu ilinipofusha.

Simu ikalia. Ilikuwa ya mdogo wangu, na nyuma yake nilisikia kelele za watu.

"Dada, bako kwenye mashine. Bantu mingi. Amejifungia ndani."

"Nani yuko naye?"

"Mwenyekiti wa kijiji anasimama kwenye mulango. Mama amekaa chini, analia. Batoto yake bako na fimbo."

"Umwambie mama ahesabu miaka! Umwambie huyu alikuwa hajazaliwa!"

"Hawanisikie, Dada. Nani atanisikia?"

Nilimwachia fundi kompyuta. Mkono wangu ulikataa kuiachia, kwa kweli, maana nilikuwa naacha watu wote wa Nakivale kwenye meza ya mtu. "Nenda," akasema, "mimi natoa yote." Nikashuka ngazi mbiombio. Sikumbuki sana safari ya kurudi. Nakumbuka nilipiga simu mpaka chaji ikaisha, na kwamba kuna mahali ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa wanavuka barabara, wanavuka tu, dereva ameweka mkono nje ya dirisha, na nilitaka kushuka niwasukume.

Nilifika jua likiwa bado liko juu. Mashine ilikuwa kimya, na ukimya ule ulinitisha kuliko kelele. Watu walikuwa wameizunguka nyumba ya kusagia, mabeseni ya mahindi yametawanyika kila mahali. Mwenyekiti, mzee wa Kinyamulenge mwenye koti, alikuwa bado mlangoni, mikono ameipanua, sauti imeshamkauka. Mama alikuwa chini, miguu imenyooshwa, kitenge kimelegea kichwani.

Nilipiga magoti mbele yake. Nilisema kwa sauti ya juu ili na wengine wasikie. Nikamuuliza mtoto wake wa kwanza alikuwa wapi siku ile picha ilipopigwa. Akanitazama kama hanijui.

"Tumboni," akasema.

"Na huyu aliye ndani ni rika ya nani?"

Mwanawe mkubwa, mwenye fimbo, ndiye aliyesikia kwanza. Niliona fimbo inashuka. Yeye na msagaji walikuwa wanacheza mpira pamoja. Mama akajishika magoti, akaangalia mlango muda mrefu.

"Atoke anawe uso," alisema. "Nimuone mwenyewe."

Mwenyekiti akaongea na mlango. Baada ya kitambo ukafunguka. Msagaji alitoka akiwa mweupe kama kawaida, lakini chini ya macho unga ulikuwa umefanya michirizi. Mtu akasogeza dumu la maji. Maji mengi yakamwagika chini. Alinawa. Alinawa kwa bidii, mara ya pili na ya tatu, kama mtu anayejua kwamba kikibaki kidogo atakufa. Kisha akasimama pale, maji yanamtiririka kidevuni, akatutazama.

Mama aliinuka, akamsogelea. Alimshika taya kwa vidole, akamgeuza huku na huku, kama unavyomtazama mtoto mwenye homa.

"Siye," akasema. Na tena, kwa sauti: "Siye. Huyu ni mutoto."

Nilidhani imekwisha. Nilianza kupumua. Ndipo mwanamke mmoja, yule aliyemkimbia mume wake, akatokea katikati ya watu akanielekea mimi.

"Hiyo picha ilitoka wapi?"

"Ilikuwa kwenye kompyuta yangu. Programu ilijibadilisha yenyewe. Sikuiomba."

"Na yangu? Yangu iko ndani?"

Wote wakanigeukia. Sikuweza kusema uongo mbele ya mtu anayechuruzika maji.

"Iko," nilisema. "Za wote ziko."

"Na kompyuta iko wapi?"

"Mbarara. Kwa fundi."

Sauti iliyotoka kwa watu wale siwezi kuiandika. Haikuwa ya hasira. Mwanamke yule alikaa chini hapohapo, akafunika uso kwa mikono miwili, kana kwamba bado kungefaa kitu kuuficha. Mtu mwingine akanishika mkono wa blauzi na kuuvuta. Mwenyekiti, ambaye alikuwa ametoka kumlinda msagaji, akanivuta nyuma yake mimi, na ilibidi atumie tena maneno yaleyale aliyoyatumia tangu mchana.

Kesho yake alinisindikiza Mbarara. Fundi alikuwa ameitoa ile programu yote na kuniwekea nyingine ya zamani, ya kampuni ambayo nadhani imeshakufa. Viduara havikuwepo tena. Aliniambia kompyuta isionje mtandao kamwe, na akaziba mahali pa kuunganishia kwa utepe mweusi ili nikumbuke. Mwenyekiti akamuuliza kama kampuni inabaki na nyuso zetu. Fundi akamjibu kama alivyonijibu mimi, hajui.

Tuliporudi nilifungua studio nikaacha mlango wazi. Watu walikuja mmoja mmoja. Aliyetaka picha zake zifutwe alikaa kwenye benchi akatazama ninavyofuta, na nilifuta. Harusi zilikwenda. Ubatizo ulikwenda. Wengine walilia, kwa sababu zilikuwa picha pekee za mama zao, lakini walisema futa. Kijana aliyetupa bunduki alikuja mapema kabla jirani hawajaamka, hakukaa, alisimama tu mpaka nilipomaliza. Mwanamke aliyemkimbia mume alitazama mpaka ya mwisho.

"Zimeisha?" akauliza.

"Humu zimeisha."

"Na huko kwingine?"

Nilimwambia sijui. Ameacha kupita mbele ya studio yangu. Anazungukia nyuma ya kanisa, njia ndefu, na akiniona kisimani anavuta kitenge mpaka kwenye macho.

Mama wa dagaa alikaa muda kabla ya kuja kuchukua picha ya mume wake. Nilikuwa nimeifunga kwenye karatasi. Aliifungua, akaitazama, akaridhika na bega. Halafu akaniambia jambo lililonitisha kuliko siku ile ya mashine.

"Mwanangu, sura ya ule mutu imenipotea."

"Ya wa masharubu?"

"Niliishika miaka yote. Nilisema siku moja nikikutana naye, nitamujua. Sasa nikifunga macho ninaona kijana wa mahindi. Ninajua siye. Lakini ndiye anakuja." Akaweka kiganja kwenye paji la uso. "Hata ndotoni ndiye anakuja kumuchukua bwana yangu."

"Itapita, mama."

"Unajua itapita?"

Sikujua. Aliniuliza kama ile picha ya baa bado ninayo, amtazame tena, amrudishe yule wa kweli. Lakini nilikuwa nimeifuta, ya kwanza kabisa, siku ile ya viduara, nikidhani namsaidia. Na ile ya karatasi alikuwa ameichoma mwenyewe, mara tu nilipomrudishia baada ya kuiingiza kwenye kompyuta. Akaifunga tena picha ya mume wake kwenye karatasi.

Msagaji aliendelea kusaga kwa majuma machache. Alianza desturi mpya ya kunawa kila baada ya beseni, jambo ambalo halina maana kwa kazi ile, na watu walimwona wakaangalia chini. Mahindi yao walianza kuyapeleka kwenye mashine ya upande wa Juru. Hakuna aliyemwambia neno baya. Mama mwenyewe alimpelekea dagaa, akapokea, akasema asante mama.

Siku alipokuja kwangu alikuwa amevaa viatu na amebeba begi. Anahamia kambi nyingine, mbali, kaskazini, ambako ana shangazi; majibu ya mahojiano atayasubiri huko. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Dada," alisema, "ile kitu iliniona wapi, mpaka ikasema mimi ni ule mutu?"

"Haikukuona. Ilibahatisha."

"Ilibahatisha," akarudia, kama mtu anayeonja chakula. "Na kule niendako, kama kuna kompyuta, itabahatisha tena?"

Nilitamani kumwambia hapana. Nilimwambia akipiga picha mahali, aulize kama wana mtandao. Ndilo shauri pekee nililokuwa nalo. Aliitikia kwa kichwa, akauliza kama nina picha yake yoyote iliyobaki. Nilikuwa nayo moja ndogo ya karatasi, iliyozidi siku ile ya mahojiano. Nikampa. Akaiweka mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaenda kwenye barabara kusubiri gari akiwa ameegemea nguzo ya umeme, mgongo kwa vibanda vyetu, kofia ameishusha mpaka machoni.